Jina la Kitu na Safu ya Jedwali: Vitu vya Masasi na Newala katika Katalogi za Data

Katika nusu ya pili ya mwaka 1906 Karl Weule, wa makumbusho ya mila na desturi ya Leipzig, alitoka Lindi akaingia bara, akafika Masasi, akakaa Chingulungulu, kisha akapanda Uwanda wa Makonde akaishi Newala na Mahuta. Hakuwa amekusudia kwenda huko. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa nchi za kaskazini, lakini Vita vya Majimaji vilivuruga shauri lile akaelekezwa kusini, ambako vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha kupita na kuacha magofu. Misheni ya Masasi, iliyoanzishwa na Askofu Steere mwaka 1876, ilikuwa imeshambuliwa na kuharibiwa mwaka 1905. Aliporudi kwao Weule alikuwa na vinyago, ndonya, vipini vya pua, vijaluba vya ugoro, picha, mikanda ya sinema, na silinda za nta zilizonaswa nyimbo. Vitu vikawekwa Leipzig. Sauti zikahifadhiwa Berlin, katika hifadhi ya fonografu iliyoanzishwa mwaka 1900. Habari za safari zikapigwa chapa mwaka 1908, na kitabu chake cha wasomaji wa kawaida kikafasiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner mwaka 1909.

Mali ya namna hii ilikaa muda mrefu katika leja na kadi, mahali ambapo mtu wa Newala hakuweza kuifikia. Mwezi wa Oktoba 2019 wataalamu wengi wa Afrika na Ulaya walitoa barua ya wazi kuyataka makumbusho ya Ujerumani yafungue orodha zao kama zilivyo, hata kama hazijakamilika. Mwaka uliofuata serikali kuu ya Ujerumani, majimbo na miji vilikubaliana juu ya mpango wa kuzitangaza orodha hizo, na mwishoni mwa mwaka 2021 Deutsche Digitale Bibliothek, yaani maktaba ya kidijitali ya taifa hilo, ikafungua mlango wa pekee kwa ajili ya makusanyo yaliyotoka katika nchi zilizotawaliwa. Jambo hili lastahili sifa, na sifa hiyo isipunguzwe na yatakayosemwa hapa. Lakini mlango ukifunguliwa, yafaa kutazama ni kitu gani kinachopitishwa mlangoni, na kwa jina gani.

Kazi yenyewe, kwa lugha ya mafundi, ni kuunganisha kanzidata ya mahusiano na katalogi ya data. Kanzidata ya namna hii hufuata nadharia iliyotolewa na E. F. Codd mwaka 1970: maarifa hupangwa katika majedwali, kila jedwali lina safu na mistari, kila mstari una ufunguo wake, na jedwali moja hulitaja jingine kwa kuushika ufunguo huo. Basi katika makumbusho kutakuwa na jedwali la vitu, jedwali la watu, jedwali la mahali, na jedwali la matukio; na kinyago kimoja kitaelekeza kwa ufunguo mmoja mahali kilipotoka, na kwa ufunguo mwingine mtu aliyekileta. Katalogi ni chombo kilicho juu ya hayo. Haihifadhi kinyago wala picha ya kinyago. Huhifadhi habari za habari, ili mtafutaji ajue kuna nini, wapi, na maana yake nini.

Kuunganisha si kazi ngumu, na pengine wepesi wake ndio unaodanganya. Chombo kama DataHub au OpenMetadata hupewa anwani ya mtambo, namba ya mlango, jina la mtumiaji mwenye ruhusa ya kusoma tu, na neno la siri. Kisha hakisomi vitu. Husoma majedwali ya ndani ambamo kanzidata hujieleza yenyewe: majina ya majedwali, majina ya safu, aina ya kilichomo, funguo zilizotangazwa. Kwa dakika chache katalogi imejaa. Njia ya makumbusho hutofautiana kidogo, kwa kuwa huko kila mstari hugeuzwa kwanza kuwa waraka wa mpango uitwao LIDO, uliotangazwa mwaka 2010, ndipo waraka huo ukapelekwa kwa mkusanyaji wa taifa. Hata hivyo njia zote mbili zina kiini kimoja. Mtu fulani alikwisha amua kwamba safu hii ni ya jina, ile ni ya kabila, na ile ya mahali. Chombo hupokea uamuzi huo bila kuuliza.

Hapa ndipo mwanaisimu anapokuwa na neno la kusema, kwa maana maamuzi hayo ni ya lugha kabla ya kuwa ya mitambo.

Tazama ndonya. Weule katika kitabu chake kitu hiki, kijiti au kisahani cha mdomo wa juu wa mwanamke, hukiita pelele. Neno hilo si la Newala. Lilikwisha enea katika vitabu vya Wazungu tangu safari za Livingstone katika nchi ya Wamang'anja, mbali upande wa Nyasa, na msafiri aliyekuja baadaye alilichukua kama mtu achukuavyo sarafu ya nchi jirani akaitumia sokoni. Kama karani wa makumbusho ataandika "pelele" katika safu ya jina, na safu hiyo ikapelekwa katika katalogi kwa alama ya "jina la asili", basi jina la mtaa mmoja limefanywa jina la mtaa mwingine kwa idhini ya mtambo. Mtu wa Newala atakayeandika "ndonya" katika nafasi ya kutafutia hataona kitu. Naye hatajua kwamba kitu kipo; ataambiwa hakuna.

Pelele ni mfano wa jina lililotoka nje. Yako mengine ya ndani yanayopotea kwa sababu ya sarufi. Lugha zote nne zilizo kubwa katika nchi ile, Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera, ni za ngeli, na katika lugha za ngeli mwanzo wa neno hubadilika mtu akihesabu. Kijaluba cha mti cha Wamakonde Weule hukitaja kwa wingi, mitete. Kimoja ni mtete. Kinyago cha kichwa ni lipiko, na vingi ni mapiko. Katalogi inayopanga kwa herufi itaweka lipiko huku na mapiko kule, na katikati yao kutakuwa na mamia ya vitu visivyohusiana. Anayetafuta kwa herufi za mwanzo, kama vyombo vingi vinavyopendekeza, hatatoka upande mmoja akafika upande wa pili. Chipini cha Newala na kipini cha pwani ni kitu kimoja kwa umbo na kwa asili ya neno, lakini kwa mtambo vimetengana kama mashariki na magharibi.

Watunga kamusi waliishindania shida hii zamani. Johnson katika kamusi yake ya mwaka 1939 alikusanya manyambuliko mengi chini ya mzizi, na mwanafunzi asiyejua mzizi alipotea. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ikatanguliza neno lenyewe, na nomino zikapangwa kwa umoja wake. Kila upande ulikuwa na hoja. Ajabu ni kwamba mjadala ule wote haukuvuka ukuta ukaingia katika vyumba vya mafundi wa kanzidata, na matokeo yake safu ya "jina" katika jedwali la kawaida haina njia ya kusema kama neno lililomo ni la umoja au la wingi, la lugha gani, na nani aliyelitamka. Neno hukaa pale peke yake kama yatima.

Safu ya kabila ina hali mbaya zaidi. Katika maandishi juu ya nchi ile mtu hukuta Makonde, Wamakonde, Vamakonde, Kimakonde, Chimakonde na Umakonde. Watu, lugha, na nchi. Kiyao kimeandikwa kwa namna zisizopungua hizo. Kanzidata ikiyapokea yote kama maandishi matupu, kila moja litakuwa kundi la peke yake, na hesabu ya "vitu vya Wamakonde" itakuwa ndogo kuliko kweli. Wapo wanaodhani dawa ni msimbo. Guthrie mwaka 1948 aliipa Kiyao namba P21, Kimwera P22, Kimakonde P23, na Kimakua P31; na siku hizi orodha ya kimataifa ya ISO 639-3 huiandika Kimakonde "kde" na Kiyao "yao". Msimbo wafaa, kwa kuwa hauna kiambishi cha kubadilika. Lakini "kde" moja imewafunika wasemaji wa pande zote mbili za Ruvuma, na wa Chinnima na Chimaraba pamoja, ambao Kraal katika sarufi yake ya mwaka 2005 alipata sababu za kuwatofautisha. Kimakua, kinyume chake, kimegawiwa misimbo kadhaa, na karani wa Ulaya aliye na neno "Makua" tu katika leja hana njia ya kujua achague upi. Mwera nao wako wa Lindi, na wako wengine wa Nyasa. Msimbo huficha shaka ambayo leja, kwa ujinga wake, iliiacha wazi. Tena lugha ya msemaji si kabila la mwenye kitu: katika Masasi Myao angeweza kununua mtete kwa Mmakonde na kuuuza kwa Mjerumani, na mtete haukubadilika kuwa wa Kiyao njiani.

Juu ya mahali yatosha maneno machache. Leja ya wakati wa Wajerumani husema Massassi, kwa s nne, na wilaya ya Lindi. Mahuta, alikokaa Weule siku zake za mwisho uwandani, leo iko katika wilaya ya Tandahimba, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Newala. Na Nanyumbu ilitoka katika Masasi. Jedwali la mahali lisilo na safu ya wakati litasema uongo ama juu ya mwaka 1906 ama juu ya leo. Wala Masasi yenyewe haiko juu ya uwanda. Iko chini yake upande wa magharibi, kati ya milima ya mawe. Katalogi itakayoandika "Uwanda wa Makonde" kwa kila kitu cha safari ile itakuwa imepandisha watu mlima bila wao kutaka.

Kisha kuna safu ambayo makumbusho huiita njia ya kupatikana. Thamani zake kwa kawaida ni chache: kununuliwa, kupewa, kubadilishana, kutekwa. Weule alilipa fedha kwa vitu vingi, na hapana sababu ya kumtilia shaka katika hilo. Lakini alisafiri na askari, na mwanzo wa safari alifuatana na Ewerbeck, mkuu wa wilaya ya Lindi mwenyewe, katika nchi ambayo mwaka mmoja tu kabla ilikuwa vitani na serikali hiyohiyo. Neno "kununuliwa" ni kweli, na halitoshi. Kanzidata ya mahusiano, ajabu, ndicho chombo kinachofaa kabisa kulieleza jambo hili, kwa kuwa tukio la kununua laweza kuwa na jedwali lake, na katika jedwali hilo wakaunganishwa muuzaji, mnunuzi, mkalimani, askari waliosimama karibu, na mwaka. Ila tukio likibanwa kuwa neno moja katika safu moja, hakuna katalogi itakayolipanua tena.

Mwandishi mmoja wa zamani alijua namna ya kulitenda jambo hili kwa uaminifu bila mtambo wowote. Alice Werner alipofasiri kitabu cha Weule hakuyafuta makosa ya mwandishi wala hakuyaacha yapite. Aliweka tanbihi chini ya ukurasa, akaitia alama kuonyesha kwamba ni ya mfasiri. Msomaji huona kwa jicho moja alichosema Weule na alichosema Werner, na hawezi kuwachanganya. Sifa hii ndogo ya uchapaji ina akili kuliko majedwali mengi ya leo, ambamo msahihishaji huandika juu ya neno la kwanza na neno la kwanza likapotea. Au, ikiwa kanzidata ni ya uangalifu, likabaki katika jedwali la historia ambalo kiunganishi hakikuelekezwa kulisoma.

Mpango wa LIDO wenyewe usilaumiwe kwa hayo. Unaruhusu kitu kimoja kiwe na majina mengi, na kila jina liwe na alama ya lugha yake. Kosa liko katika kupatanisha: safu moja ya kanzidata imechukuliwa, ikatiwa katika nafasi moja ya waraka, na lugha ya makumbusho ikaandikwa juu yake kwa mazoea. Nafasi ya ndonya ipo. Haina wa kuijaza, kwa maana jedwali la nyuma halina ndonya.

Na hata kama Newala ingependa kuijaza, ingepita njia gani? Hili ndilo shina la jambo, na wasifu wa vyombo hivi hulipita kimya. Kiunganishi husoma, hakiandiki. Mtumiaji wake amepewa ruhusa ya kusoma tu, na kwa usalama ni haki, kwa kuwa hakuna mlinzi wa makumbusho atakayekubali mtambo wa nje uguse leja yake. Lakini maana yake ni kwamba habari hutoka Leipzig kwenda katika katalogi na hazirudi. Mzee wa Mahuta akisema kwamba kitu kilichoandikwa "sanduku" ni mtete wa dawa wala si wa ugoro, maneno yake huweza kuandikwa katika katalogi kama maoni. Pengine siku ya pili, chombo kinapovuna upya, maoni yamebaki. Pengine yamefunikwa na maelezo ya chanzo. Hilo hutegemea mpangilio aliouchagua fundi bila kudhani kwamba anaamua neno la nani litadumu. Vyovyote vile kanzidata yenyewe haikujua. Mtaalamu wa Leipzig atakayefungua jedwali lake kesho ataona "sanduku".

Watu wa fani wana jibu, nalo si baya: mambo ya maana yaandikwe katika faharasa ya istilahi ndani ya katalogi, kisha kila safu iunganishwe na istilahi yake. Kwa benki na kampuni za simu hilo latosha, kwa kuwa "mteja" ni mteja katika kila jedwali. Vitu vya Newala haviko hivyo. Maana hapa haikai juu ya safu, bali hukaa juu ya kila mstari. Mtete huu una jina lake na mwenziwe ana lake. Faharasa ya safu haiwezi kubeba mzigo wa mistari, na anayejaribu atapata faharasa kubwa kuliko kanzidata.

Linalofaa ni jambo la kawaida kabisa, na gharama yake ni ndogo. Kanzidata ya makumbusho ipewe jedwali la majina lililo mbali na jedwali la vitu. Kila mstari wa jedwali hilo ushike ufunguo wa kitu kimoja na useme jina, lugha kwa msimbo na kwa lahaja, umoja au wingi, shina la neno lisilo na kiambishi, mtu aliyelisema au kitabu lilimotoka, na mwaka. Hapo pelele itakaa na kuandikiwa "Weule, 1908", na ndonya itakaa karibu nayo na kuandikiwa mwenyewe aliyeisema. Hakuna itakayomfukuza mwenziwe. Pamoja na hilo liwepo jedwali la mapokezi, ambalo peke yake mtumiaji wa nje aruhusiwe kuliandikia, na mlinzi wa mkusanyo awe na wajibu wa kulisoma na kujibu kwa jina lake. Hivyo leja ya zamani haiguswi na neno jipya halifi. Nacho kiunganishi kisielekezwe kwenye majedwali mabichi, ambayo safu zake huitwa kwa vifupisho vya Kijerumani visivyosomeka hata na Wajerumani, bali kielekezwe kwenye majedwali ya kutazamia yaliyopewa majina bayana. Kanzidata nyingi huruhusu kila safu itiwe maelezo mafupi, na vyombo vya katalogi huyasoma. Ila nafasi ni ya maelezo mamoja, kwa hiyo Kiswahili na Kijerumani vitalazimika kukaa katika sentensi moja. Si vibaya vikizoeana.

Kuna sababu nyingine ya kutofanya haraka. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Desemba 1943 mabomu yaliichoma Leipzig, na makumbusho yakapoteza sehemu ya mali yake. Kitu kilichoungua bado kina mstari katika leja, na katika leja mstari huo hauna moshi. Katalogi yenye safu moja ya "kipo" au "hakipo" itamfanya mtafutaji ama aamini kwamba kitu kipo na kumbe ni majivu, ama asijue kabisa kwamba kiliwahi kuwako. Kwa mtu wa uwandani anayetafuta umbo la ndonya aliyoivaa bibi yake, maelezo ya kitu kilichoungua huenda yakawa ndiyo yote yaliyobaki, na yana haki ya kukaa katika katalogi sawa na kitu kizima.

Na sauti? Silinda ziko Berlin, vitu viko Leipzig, na safari ilikuwa moja. Ufunguo unaowaunganisha haujaandikwa katika jedwali la upande wowote. Uko katika vichwa vya sura za kitabu, ambako Weule alitaja mahali na wakati alipokuwa akiandika. Anayetaka kuoanisha wimbo na kinyago kwa tarehe ajihadhari, kwa kuwa sura iliyoandikwa Newala yaweza kusimulia mambo ya njiani, na nyimbo nyingine si za uwandani bali ni za wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo. Kazi hiyo yataka mtu anayesikia Kimakonde, Kiyao na Kimakua, mwenye silinda katika sikio moja na leja mbele ya macho. Watu wa namna hiyo wako Masasi na Newala, na baadhi yao ni walimu wa shule. Hawajapewa jina la mtumiaji wala neno la siri.